Kizibo cha Gunzi

Jumamosi moja mjini Butembo, mashariki mwa Kongo, yapata saa nane mchana, nilijikuta nyuma ya mama mmoja mlangoni pa ukumbi wa sherehe. Miguuni pake palikuwa na bidoni ya njano ya lita 20, zile zinazoingia mjini na mafuta ya kupikia kisha zikaishi miaka kumi kwa kazi nyingine. Mdomoni pa bidoni hapakuwa na kifuniko. Palichomekwa gunzi la mhindi, limebanwa na kipande cha jani la mgomba. Wanaojua kasiksi, pombe yetu ya ndizi, hawashangai. Ikiwa bado inachemka yenyewe haifungwi kwa plastiki: ukiikaza, bidoni huvimba, na chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, ikigonga mawe mawili matatu njiani, mwenye mzigo anaoga. Gunzi hupumua. Povu kidogo lilikuwa limejipenyeza pembeni, na nyuki wawili walikwisha kupata habari.

"Mama, kinywaji cha nje hakiingii," alisema kijana wa mlangoni, kwa adabu. "Ama unalipa haki ya kizibo. Dola tano."

"Haki ya nini, mwanangu?"

"Ya kizibo, mama."

Mama akaliinamia gunzi, akalitazama vizuri. "Hili?"

Sisi wa nyuma tulicheka, lakini kijana hakuwa akitania. Maneno hayo ni tafsiri ya Kifaransa, na maana yake ni ada ambayo mwenye nyumba ya kulia chakula humtoza mteja aliyekuja na chupa yake. Kwenye meli kubwa za kitalii ni kanuni ya kila siku. Kampuni nyingi humruhusu abiria mtu mzima kupanda na chupa moja ya divai, ya mililita 750. Akiinywa chumbani mwake ni shauri lake. Akiipeleka mezani wakati wa chakula cha jioni, anaandikiwa dola kumi na kitu au ishirini na kitu ili mhudumu amfungulie na kumletea glasi. Pombe kali haipandi kabisa. Sababu si siri: tiketi huuzwa kwa bei ya kuvutia, na faida hutafutwa baa. Wenye kumbi wa Butembo wanapiga hesabu hiyohiyo, ingawa bahari iko mbali nao kama mwezi.

Hesabu hiyo inamchukulia anayekuja na kinywaji kuwa anakuja na cha kujinywea. Mama yule hakukusudia hata tone moja limfikie, ukiondoa lile la kuonja.

Shuka kutoka Butembo kwenda Beni, kilomita hamsini na kitu, nawe utaona jinsi kinywaji kinavyofuata ardhi. Butembo iko juu, kwenye baridi, mita zaidi ya 1,700. Huko ni viazi, maharagwe na mikaratusi. Kadiri barabara inavyoshuka ndivyo migomba inavyoongezeka, halafu michikichi, halafu kakao, mpaka upande wa pili unafika kwenye tambarare ya mto Semliki na miguu ya mlima Rwenzori. Kwa hiyo tangu zamani mtu wa bondeni akialikwa na ndugu zake wa mlimani alijua abebe nini. Wa mlimani naye akishuka, alikuwa na chake cha kubeba.

Kasiksi haitaki haraka. Ndizi za pombe, ambazo si zile za kupika wala za kula mbivu, hukatwa mikungu ingali mibichi, zikafukiwa kwenye shimo lililotandikwa majani ya mgomba, mara nyingine shimo likapashwa joto kwa moto, zikaachwa siku nne au tano mpaka ziive zote kwa pamoja. Humenywa, zikatiwa kwenye mtumbwi wa mti pamoja na nyasi ngumu, zikakandwa kwa mikono au kukanyagwa kwa miguu iliyooshwa, mpaka maji matamu yatengane na makapi. Nyasi ndizo zinazokamata uji. Maji hayo huchujwa, yakaongezwa maji ya kawaida kwa kipimo anachokijua mwenye kazi, kisha hunyunyiziwa unga wa mtama au wa ulezi uliokaangwa, na mtumbwi ukafunikwa. Siku ya pili inaanza kusema. Ya tatu inanyweka. Ya tano tayari ni siki, na hapo ndipo penye siri ya ukarimu wake: haiwekeki. Divai ya Bordeaux unaweza kuifungia kabatini ukangoja miaka, ukawa tajiri wa chupa. Kasiksi ya lita 20 ukiwa nayo peke yako una siku mbili za kutafuta watu.

Ndugu za kasiksi wako eneo zima. Ng'ambo ya mpaka, Uganda, ni tonto. Rwanda ni urwagwa. Kagera ni rubisi. Kilimanjaro, ndizi na ulezi vikichemshwa, ni mbege. Na Waswahili wa pwani wana tembo la mnazi. Namkumbuka rafiki wa Mombasa aliyesikia jina la mji wetu, Butembo, mara ya kwanza akauliza kama kila mtu huko anagema.

Kwa Wanande, wenyeji wa huku, au Wayira kama wengi wanavyopenda kujiita, pombe ilikuwa na mahali pake pa kuketi. Ni kyaghanda, banda la wanaume lenye moto katikati, ambapo kesi ziliamuliwa, mahari ya mbuzi ikahesabiwa na vijana wakafundishwa kunyamaza. Kibuyu kikifika hapo, aliyekileta alionja kwanza mbele ya macho yote, ili mtu asije akasema moyoni kwamba kuna kitu ndani. Baada ya hapo kibuyu hakikuwa chake tena. Mwenye boma ndiye aliyeamua kimwagwe sasa au kingoje shemeji, na nani aanze. Kibuyu kiliporudi kwa mwenyewe hakikurudi kitupu: chumvi, maharagwe, hata kiganja cha ulezi. Hiyo ndiyo iliyokuwa haki ya kizibo, na aliyeilipa ni mwenyeji.

Mkono wa serikali ulifika mapema kuliko serikali yenyewe. Mkutano wa Brussels wa 1890, ule uliojulikana zaidi kwa habari za kukomesha biashara ya watumwa, ulichora ukanda mkubwa katika Afrika, kuanzia latitudo ya 20 kaskazini hadi ya 22 kusini, na kuwekea pombe kali vizuizi ndani yake. Beni na Butembo ziko karibu na mstari wa ikweta, katikati kabisa ya ukanda huo. Mkataba wa Saint-Germain wa 1919 ukakaza zaidi. Katika Kongo ya Wabelgiji mambo yalikwenda mbali: mpaka ndani ya miaka ya 1950, Mwafrika hakuruhusiwa kununua divai wala pombe kali kama Mzungu. Bia aliruhusiwa. Kiwanda kilichoanzishwa Léopoldville mwaka 1923 kilitoa Primus yake ya kwanza mwishoni mwa 1926, na chupa hiyo ikaanza safari ndefu ya kuwa mgeni rasmi wa kila karamu ya Kongo. Kampuni ya madini ya Minière des Grands Lacs ilipoweka kituo chake Butembo mwaka 1928, ikakusanya vibarua na makarani, soko la vinywaji likapata wateja wenye mshahara mkononi. Mwenye mshahara hasubiri siku tano za shimo la ndizi.

Divai yenyewe watu wa huku waliiona kwanza altareni. Mapadre Waasumpsio walifika mwaka 1929, na misioni zao ndizo zilizozaa jimbo la Beni, lililotangazwa mwaka 1959 na kuitwa Butembo-Beni tangu 1967. Kanisa Katoliki linataka divai ya misa itoke kwenye zabibu, haikubali tunda jingine, na zabibu hazikuota huku kwetu. Kwa hiyo kila tone lilitoka mbali, likavuka bahari melini, likapanda reli na malori mpaka milimani, kisha likanywewa na mtu mmoja mbele ya mia tano wanaotazama. Fikiria jambo hilo kwa macho ya mtu aliyelelewa kwenye kyaghanda. Mgeni ametoka ng'ambo na kinywaji chake, ameonja kwanza kama inavyopasa, halafu akakinywa chote!

Neno divai lenyewe lina safari yake. Mvinyo tulipewa na Wareno pwani. Divai imetoka kwenye Kifaransa, ikaingia katika Biblia na katekisimu, na ndiyo iliyoshika huku kwetu. Hakuna aliyeona haja ya kuiita pombe ya zabibu. (Wakristo Wakimbangu, upande wa magharibi ya nchi, walitatua tatizo la divai ya ibada kwa namna yao: tangu 1971 ekaristi yao ina asali iliyochanganywa na maji, na mkate wao una mahindi, viazi na ndizi.)

Wabatisti wa misioni ya Katwa, nje kidogo ya Butembo, hawakutaka kusikia habari za pombe, iwe ya zabibu au ya ndizi. Mpaka leo harusi ya Kibatisti hainyweshi. Lakini shangazi Mbatisti naye haendi mikono mitupu. Yeye hubeba maji ya ndizi yaliyokamuliwa siku hiyohiyo, matamu, hayajaguswa na unga wa mtama. Asubuhi ni kinywaji cha watoto. Sherehe ikichelewa mpaka usiku na bidoni ikakaa juani, mchungaji huomba soda.

Nimewahi kusikia mahubiri mengi juu ya harusi ya Kana, nikiwa mtoto kwenye benchi la mbele, na kila mara wazee wa nyuma walinong'ona jambo moja: hao wageni walikuja na nini? Mitungi sita imesimama, imejaa maji, na ukoo mzima hauna aliyebeba kibuyu.

Baada ya uhuru, na hasa baada ya Novemba 1973, Mobutu alipotangaza kwamba biashara na mashamba ya wageni yapewe Wazaire, Butembo ilikua kwa mikono ya wafanyabiashara wake wenyewe. Wao ndio walioleta kontena kutoka Dubai na baadaye Guangzhou, zikashukia Mombasa, zikavuka Uganda na kuingilia mpakani Kasindi. Ndani ya kontena hizo, pamoja na vitambaa, pikipiki na misumari, zilikuja chupa na maboksi ya divai tamu nyekundu, na chupa hiyo ikapata kiti kwenye meza ya maharusi. Kumbi zikajengwa, na kumbi zina kodi, jenereta na vipaza sauti vya kulipia. Tangu hapo sherehe ikagawanyika vipande viwili. Siku ya mahari hufanyika uani, chini ya turubai, na hapo bidoni huingia zikipangwa kama wajumbe. Siku ya ukumbini ni Primus, soda na divai ya kontena, vyote vimenunuliwa kwa mwenye ukumbi.

Na kasiksi yenyewe imepungua. Mnyauko wa bakteria wa migomba ulioikumba Uganda mwaka 2001 ulionekana Kivu ya Kaskazini miaka hiyohiyo, na aina nyingi za ndizi za pombe ndizo zilizoumia haraka, kwa sababu wadudu hubeba ugonjwa wakitembelea ua la dume linaloning'inia chini ya mkungu. Wataalamu walifundisha kulivunja ua hilo kwa kijiti chenye panda, bila kutumia panga lililotoka kukata mgomba mwingine. Waliofuata walivuna. Halafu, kuanzia Oktoba 2014, mauaji ya raia katika eneo la Beni yakawafungia watu njia za mashamba. Shamba lipo, ndizi zinaiva, hakuna anayethubutu kwenda. Mwezi Agosti 2018 Ebola ikatangazwa Mangina, karibu na Beni, na ilipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020 ilikuwa imeua watu 2,287. Kikombe kilichozunguka kikasimama. Hata sasa, palipokuwa na kikombe kimoja cha wote, kila mtu huleta chake, au hugawiwa cha plastiki. Mei 2021 ikaja hali ya kuzingirwa, yaani utawala wa kijeshi, na saa za kutotembea usiku, na karamu zikajifunza kuanza mchana.

Ndiyo maana ilikuwa saa nane tulipokuwa tumepanga foleni pale mlangoni.

Mama hakulipa. Wala hakugomba. Alieleza mara moja tu kwamba yeye ni shangazi wa bibi arusi, kwamba ndizi zimetoka kwake bondeni, Mutwanga, na kwamba mtu haingii kwenye furaha ya mtoto wa kaka yake akining'iniza mikono. Kijana alisema anaelewa, mama, lakini amri ni ya mkubwa wake. Basi akamwomba amlindie mzigo, akalikaza gunzi kwa kiganja, akajifuta mikono kwenye kitenge na kuingia. Ndani alicheza kupita wote. Kila sahani ilipopita aliuliza kama watu wa nje wamekula.

Saa kumi na moja na nusu muziki ulizimwa, kila mtu akitafuta pikipiki kabla ya giza. Shangazi alitoka kati ya wa kwanza, akainama, akaishika bidoni kwa mikono miwili kama mtu anayejua uzito wake, na ikapanda juu haraka kuliko alivyotarajia. Gunzi lilikuwa limerudishwa mahali pake, vizuri kabisa, lakini limegeuzwa upande.

"Mwanangu," alisema, "ulionja kwanza?"

Kijana alikuwa anatazama barabarani. "Nilionja, mama."

"Basi." Akamkabidhi bidoni. "Malizia na wenzako. Ila kesho uniletee chombo changu kwa kaka yangu. Na kisije kitupu."