Fidia ya Jeraha la Bega Litokanalo na Sindano ya Chanjo

Jeraha la bega litokanalo na chanjo hutokea sindano inapochomwa juu mno au kwa kina kupita kiasi. Mahali sahihi pa kuchoma ni katikati ya msuli mnene wa juu ya mkono, vidole viwili au vitatu chini ya ncha ya mfupa wa bega. Ikipanda juu ya hapo, dawa inaweza kumwagika ndani ya kifuko cha ute kilicho chini ya msuli huo, na kinga ya mwili ikaanza kupambana nayo kwenye kiungo chenyewe. Haya si maumivu ya siku mbili anayoyajua kila aliyechanjwa. Bega hukakamaa, mtu hushindwa kuchana nywele, kuvaa koti au kulalia upande ule, na wengine huishia kupasuliwa.

Nchini Marekani jeraha hili hulipwa chini ya sheria ya mwaka 1986, ambayo mpango wake wa fidia ulianza kazi 1988. Mdai hamshtaki muuguzi wala kiwanda. Hufungua shauri dhidi ya Waziri wa Afya katika Mahakama ya Madai ya Shirikisho, Washington, mbele ya hakimu maalumu, wala halazimiki kuthibitisha uzembe wa mtu. Fedha hutoka katika mfuko unaochangiwa na kodi ya senti 75 kwa kila ugonjwa unaokingwa na dozi.

Sheria ilitungwa kwa ajili ya watoto. Bega la mtu mzima lilikuja baadaye. Mwaka 2010 madaktari walichapisha maelezo ya wagonjwa 13, na Machi 2017 jeraha likaingizwa katika Jedwali la Madhara ya Chanjo. Tangu hapo mdai hahitaji wataalamu wa kuthibitisha chanzo, mradi bega halikuwa na shida kabla, maumivu yalianza ndani ya saa 48, yakabaki kwenye bega lililochomwa, na hakuna ugonjwa mwingine unaoyaeleza.

Mashauri mengi hubishaniwa kwenye hizo saa 48. Watu husubiri wakidhani maumivu yatapoa, kisha miezi miwili baadaye daktari anaandika tu “bega linauma” bila kutaja siku yalipoanza. Kadi ya chanjo nayo huweza kuonyesha mkono wa kushoto wakati ulioumia ni wa kulia. Hakimu hupima maandishi hayo pamoja na ushahidi wa mdai na wa watu wa nyumbani kwake.

Mwaka 2020 wizara ilipendekeza kuliondoa bega kwenye Jedwali, ikidai kosa ni la mchomaji, si la chanjo. Hoja hiyo ni dhaifu, kwani aliyechanjwa mkononi hakuipata dawa ila kwa sindano. Kanuni ilitangazwa Januari 2021, ikafutwa Aprili kabla ya kutumika.

Madhara lazima yadumu zaidi ya miezi sita, au yawe yamesababisha kulazwa na kupasuliwa, na shauri lifunguliwe ndani ya miaka mitatu tangu dalili ya kwanza. Hulipwa matibabu, mapato yaliyopotea, na hadi dola 250,000 kwa maumivu na mateso. Wakili hulipwa na mfuko hata mdai akishindwa, ikiwa shauri lilikuwa na msingi na nia njema. Chanjo za Uviko-19 ziko chini ya mpango mwingine, ulio mkali zaidi: muda wake ni mwaka mmoja tangu kuchanjwa, wala haulipi maumivu wala wakili.