Tamathali za usemi katika Kiingereza: Anza na sarufi

KARATASI ya pili ya Kiingereza katika mtihani wa KCSE hutahini ufahamu, fasihi na sarufi kwa pamoja. Hata hivyo, wanafunzi wengi hujifunza tamathali za usemi kana kwamba hazihusiani na sarufi. Ukweli ni kwamba muundo wa sentensi ndio unaobainisha tamathali iliyotumika.

Tashbihi
Hulinganisha vitu viwili kwa neno la kulinganisha. Kiswahili kina ‘kama’, ‘mithili ya’ na ‘mfano wa’. Kiingereza hutegemea zaidi ‘like’ na ‘as’. ‘Like’ hutangulia nomino: ‘She swims like a fish’, yaani anaogelea kama samaki. ‘As’ aghalabu hutumiwa mara mbili, kivumishi kikiwa katikati: ‘as brave as a lion’.

Tahadhari: katika ‘I like fish’, neno hilo ni kitenzi chenye maana ya kupenda. Nayo ‘She looks like her mother’ si tashbihi, kwa kuwa binti na mamaye ni wa jinsi moja.

Istiari
Hapa neno la kulinganisha hudondoshwa na kitu kimoja kikaitwa kingine: ‘The soldier is a lion’. Linganisha na ‘The soldier is a father’. Muundo ni ule ule, lakini askari aweza kuwa baba hasa. Hawezi kuwa simba.

Tashihisi
Tazama kiima na kitenzi. Katika ‘The wind whispered’, kiima ni upepo, ilhali kunong’ona ni tendo la binadamu.

Nahau
Maana yake haitokani na neno moja moja. ‘Kick the bucket’ ni kufariki wala si kupiga ndoo teke, kama vile ‘kupiga moyo konde’ kusivyohusu ngumi. Isitoshe, nahau hii haikubali kugeuzwa: ukisema ‘The bucket was kicked’, maana ya kifo hutoweka na kubaki ndoo tu.

Mwanafunzi akishaitambua tamathali, sharti aeleze kazi yake katika kifungu. Askari ameitwa simba kwa sababu gani: ujasiri, ukali au nguvu? Jibu limo katika sentensi zinazotangulia na zinazofuata. Asiyezisoma hubaki na jina la tamathali mkononi, maana ikiwa imemponyoka.