The List (albamu)

The List ni albamu ya mwanamuziki wa Marekani Rosanne Cash, iliyotolewa Oktoba 2009 na lebo ya Manhattan Records. Ina nyimbo 12, zote za watu wengine. Kwa msanii aliyejijengea jina kwa utunzi, hilo lilikuwa jambo geni. Ilitayarishwa na mumewe, mpiga gitaa John Leventhal.

Jina la albamu limetokana na karatasi. Mwaka 1973 Rosanne, akiwa na miaka 18, alisafiri kwenye basi la maonyesho la baba yake, Johnny Cash. Baba akataja wimbo, binti haujui. Akataja mwingine, nao haujui. Alikuwa amelelewa California na mama yake, masikio yote kwa Beatles. Johnny akashika kalamu, akashinda akiandika, kisha akamkabidhi orodha ya nyimbo 100 za kantri asizopaswa kukosa kuzijua. Alifariki 2003, kabla binti hajazirekodi.

Kantri ya mzee huyo ilikuwa pana. Girl from the North Country ya Bob Dylan imo, na imo pia Motherless Children, wimbo wa mapokeo unaonukia bluzi. Bruce Springsteen, Elvis Costello, Rufus Wainwright na Jeff Tweedy wamealikwa, kila mmoja katika wimbo mmoja. Tweedy yumo katika Long Black Veil, uliovumishwa na Lefty Frizzell mwaka 1959: marehemu anasimulia alivyonyongwa kwa mauaji asiyoyafanya, kwa kuwa usiku ule alikuwa na mke wa rafiki yake na hakutaka kumfichua. Rosanne hauimbi kwa kilio. Anausimulia kwa sauti ya chini, na utulivu huo ndio unaotisha.

Albamu inafunguliwa na wimbo uliorekodiwa na Jimmie Rodgers mwaka 1932. Huyu ndiye Rodgers ambaye santuri zake ziliwafikia Wakipsigis wa Kenya, wakamwita Chemirocha na kumtungia nyimbo zilizorekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1950. Albamu inafungwa na Bury Me Under the Weeping Willow wa Carter Family, ukoo alikooa Johnny mara ya pili. Helen Carter ni miongoni mwa waliomfundisha Rosanne gitaa safarini.

Mwaka 2010 The List ilitunukiwa tuzo ya albamu bora na Americana Music Association. Orodha nzima Rosanne alikataa kuichapisha.