Tembo wa Tabora

Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, sarafu za Afrika Mashariki ya Kijerumani zilitengenezwa Ujerumani na kuletwa kwa meli. Waingereza walipoufunga mwambao, zikaadimika. Serikali ikachapisha noti za dharura humu humu nchini, na watu wengi wakazitilia shaka. Hapo ndipo maganda ya risasi na ya mizinga yalipogeuzwa heleri, na mwaka 1916, kwenye karakana ya reli ya Tabora, zikapigwa rupia 15 za dhahabu ya Sekenke. Zilipigwa zaidi ya 16,000 tu. Septemba ya mwaka huo huo Wabelgiji wakaingia mjini.

Upande mmoja una tai wa Kaisari, upande wa pili tembo aliyeinua mkonga mbele ya mlima. Wapagazi na wachimbaji hawamo. Tembo alipewa nafasi.

Moja ya sarafu hizo anayo shangazi yangu, ameirithi kwa mama yake, aliyeivaa kama kidani. Ada ya mwanawe inadaiwa, na sonara ameshaipima.

“Mwanangu, dhahabu ni dhahabu,” akaniambia.

“Shangazi, nipe wiki mbili.”

Mimi ni mgeni katika ukusanyaji. Nina heleri chache na senti zenye tundu. Nilianza na mizani. Sarafu halali ina uzito wa gramu 7.17 hivi, robo tatu yake ikiwa dhahabu, yaani gramu 5.4 safi. Na hapa historia ilinishika shati. Rupia 15 zilihesabiwa sawa na mark 20, na sarafu ya mark 20 ya Ujerumani ilikuwa na gramu 7.17 za dhahabu safi. Ya Tabora ilipewa uzito uleule, lakini robo yake ni madini mengine. Aliyelipwa mshahara kwa tembo alipunjwa robo, kihalali kabisa.

Bandia ni nyingi, kwa hiyo nikaitundika kwa uzi ndani ya maji juu ya mizani. Dhahabu ya namna hii huwa nzito mara 15 hivi kuliko maji. Shaba nyeupe iliyopakwa rangi haifiki hata mara 9. Ikafaulu. Hilo halithibitishi kila kitu, kwani mghushi mwenye dhahabu halisi hupita mtihani huo akicheka, lakini mlango mmoja ulifungwa.

Daraja ndilo lililonitoa jasho. Wakusanyaji hutumia kipimo cha 1 hadi 70, alichokibuni Mmarekani William Sheldon mwaka 1949 kwa ajili ya senti za kwao. Kuanzia 60, sarafu haikuzunguka mikononi mwa watu. Tatizo ni kwamba karakana ya reli si kiwanda cha sarafu. Sehemu iliyofifia huenda imechakaa, au haikupigwa sawasawa tangu mwanzo. Nikajifunza kuinamisha sarafu chini ya taa. Palipopigwa kwa unyonge, mng’ao wa asili hubaki, palipochakaa, hutoweka. Kifuani mwa tai haukuwepo. Kwenye ukingo, juu ya tembo, pana kovu la risasi iliyounganishia pete ya kidani. Mpimaji yeyote ataliona kwa sekunde moja na kukataa kutoa namba, ataandika tu kwamba imeharibiwa.

Mbele ya mnunuzi, kovu hilo ni hasara. Sarafu safi ya aina hii huuzwa kwa mara kadhaa ya thamani ya dhahabu yake, yenye kovu hushuka sana, lakini bado inazidi bei ya sonara. Nikamwonyesha shangazi hesabu, nikamsihi asiisugue kwa majivu na ndimu kama alivyozoea kusugua bangili, maana kila mkwaruzo unashusha bei.

Akaishika ukingoni, kama nilivyomfundisha, akapapasa lile kovu kwa kidole.

“Hapa ndipo mama alipovaa,” akasema. “Hao wanunuzi wako, hili hawalihesabu?”

Nikamwambia hawalihesabu. Akaomba wiki nyingine mbili.