Mrengo wa kushoto

Istilahi "mrengo wa kushoto", yaani upande wa siasa unaodai mali na madaraka vigawanywe kwa usawa zaidi, ilitokana na ukumbi wa Bunge la Ufaransa mwaka 1789, ambamo waliopinga mfalme kupewa kura ya turufu walikaa kushoto kwa mwenyekiti. Kwa Waswahili, ambao adabu yao haimruhusu mtu kula wala kumpa mkubwa kitu kwa mkono wa kushoto, jina hilo hufika likiwa na doa ambalo wenye fikra hizo hawakulisababisha. Abdulrahman Mohamed Babu, aliyejitoa katika chama cha Hizbu mwaka 1963 akaasisi Umma Party huko Zanzibar, alibandikwa jina hilo maisha yake yote, hata alipokuwa waziri, na hata alipowekwa kizuizini kuanzia 1972 hadi 1978. Ilhali hoja yake kuu, kwamba uchumi uzalishe kwanza kile wananchi wanachokihitaji kabla ya mazao ya kuuza nje, ilistahili kujibiwa kwa hoja. Kwa hiyo waandishi wa habari za uchaguzi na waeleze kila mgombea anataka nini, ndipo wataje mrengo wake.