Hadithi Isiyokubali Kufa

Msomaji, hadithi ipendwayo haifi upesi. Tarehe 14 Aprili 1950, gazeti la watoto liitwalo Eagle lilianza kutoka Uingereza. Humo mchoraji Frank Hampson alisimulia kwa picha safari za rubani Dan Dare, na vita vyake na Mekon, dhalimu wa sayari ya Zuhura. Hampson aliiacha kazi hiyo mwaka 1959, wala hadithi haikuwa mali yake, kwani haki zote zilikuwa za wachapishaji. Gazeti lilikoma kwa mara ya kwanza mwaka 1969. Lakini wapenzi wa rubani hawakumsahau, na mwaka 2003 wakaanzisha jarida la Spaceship Away, wakimtungia visa vipya. Nawe ukiazima shujaa wa mwenzio, ilinde tabia yake, umtaje aliyemtunga. Mtunzi aliyekosa mali asikoseshwe na jina.