Hadithi Ileile Tena: Marudio na Watoto kwenye Njia ya Tabora

Mtoto wa chekechea akisomewa kitabu cha picha leo, kesho hutaka kilekile, na msomaji akiruka neno moja hukatizwa papo hapo. Wazazi na walimu wengi huona huko ni kupoteza wakati: hadithi ameshaijua, apewe nyingine. Wapo pia wanaosema kwamba desturi yenyewe ni ya kigeni, imeingia pamoja na miradi ya vitabu. Historia ya Tabora inapinga kauli zote mbili. Katika mji huo, na kando ya njia ya misafara iliyouunganisha na Bagamoyo mashariki na Ujiji magharibi, watoto wamekuwa wakifundishwa maneno kwa marudio tangu karne ya 19. Ila marudio hayo yalikaa mahali pawili palipotengana, kwenye chuo cha Kurani na kwenye moto wa jioni, na kila mahali palikuwa na nusu tu ya kile anachopewa mtoto na kitabu cha picha.

Tuanze na chuo. Wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke walipofika Kazeh, yaani Tabora ya leo, mwezi Novemba 1857, walikuta wafanyabiashara Waarabu wamekwisha kujenga na kulowea. Biashara ilikuwa ya meno ya tembo, nguo na watumwa, lakini pamoja na mizigo hiyo Kurani nayo ilipanda bara. Namna watoto walivyosomeshwa Kurani katika mwambao inajulikana kutokana na Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwenyeji wa Bagamoyo, ambaye maelezo yake ya desturi za Waswahili yalichapishwa na Carl Velten mwaka 1903. Mtoto alipewa ubao, akatamka herufi, akarudia sura kwa sauti mpaka ulimi ukazoea. Nguvu ya elimu hiyo isidharauliwe. Sheikh Ramiya aliletwa Bagamoyo kutoka Manyema akiwa mtumwa. Akasoma, akawa kiongozi wa tarika ya Kadiria, na alipofariki mwaka 1931 alikuwa miongoni mwa masheikh wakubwa wa pwani. Chuoni mtoto alijifunza jambo zito: maandishi hayabadiliki kwa matakwa ya msomaji, na hata mwalimu huyatii. Alichokosa mtoto mdogo ni maana. Alitamka Kiarabu asichokielewa, na tafsiri ilimngoja aliyeendelea mbele katika masomo.

Kwenye moto wa jioni mambo yalikuwa kinyume. Safari kutoka pwani hadi Tabora ilichukua miezi mitatu hivi, na wapagazi wa Kinyamwezi hawakusafiri wanaume peke yao: wengi walifuatana na wake na watoto. Kambini na vijijini hadithi zilianza kwa mwito na kuitikiwa. Mtoto alidakia jina la mnyama, akaimba kiitikio, akauliza kwa nini sungura amekimbia. Maana ilikuwa mbele ya kila kitu, na marudio yalikuwa mengi, kwa kuwa hadithi nzuri haikutambwa mara moja ikaachwa. Lakini maneno hayakukaa mahali pamoja. Bibi aliisimulia hivi, mjomba akaisimulia vile, na hapakuwa na mahali ambapo mtoto angeweza kuweka kidole na kusema, hapa ndipo palipoandikwa. Edward Steere alipochapa hadithi za Waswahili wa Zanzibar mwaka 1870, maneno yalitulia kwenye karatasi, lakini kitabu kile hakikukusudiwa mikono ya watoto wadogo.

Kitabu cha picha kinachosomwa kwa sauti tena na tena kimeunganisha nusu hizo mbili. Maandishi yamesimama kama ya ubaoni, na picha humwezesha mtoto kuitikia kama alivyoitikia kambini. Faida yake imepimwa pia. Mwaka 2011 Jessica Horst na wenzake wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, waliwasomea watoto wa miaka mitatu vitabu vyenye maneno mapya. Wengine walisikia hadithi ileile mara kwa mara, wengine hadithi tofauti, huku kila neno jipya likitajwa mara sawasawa kwa wote. Waliorudiwa hadithi moja ndio walioyashika maneno vizuri zaidi. Ni rahisi kuelewa kwa nini: mara ya kwanza mtoto anahangaika na kisa, na akishajua litakalotokea, akili yake hupata nafasi ya kuliangalia neno lenyewe.

Atakayepinga atasema kwamba huku ni kukariri, na kukariri ndiyo maradhi ya shule zetu. Hofu hiyo ni ya haki. Lakini kinachoumiza ni marudio yasiyo na maana, na mtoto anayemsahihisha msomaji ameshaelewa kiasi cha kujua kilichokosekana. Pingamizi la pili ni umaskini: vitabu ni vichache. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanzishwa mwaka 1991, ulizaliwa kwa sababu ya uhaba huo, na sera ya elimu ya 2014 ilipofanya mwaka mmoja wa elimu ya awali kuwa wa lazima, mahitaji yaliongezeka. Hapo marudio ni msaada wetu mkubwa. Darasa lenye vitabu vitano linaweza kufanya kazi ya maana kwa muhula mzima, mradi mwalimu asiaibike kukirudia kimoja wiki nzima.

Pingamizi gumu kuliko yote ni la lugha. Vijijini Tabora watoto wengi huingia darasani wakiwa na Kinyamwezi au Kisukuma, na kitabu kiko kwa Kiswahili. Wakisomewa mara moja na kuachwa, wanarudi kwenye hali ya chuo: sauti bila maana. Ndiyo sababu marudio yanawafaa zaidi wao kuliko mtoto wa mjini. Siku ya kwanza mwalimu anaweza kuzungumza juu ya picha kwa lugha ya nyumbani. Siku ya pili asome Kiswahili kama kilivyoandikwa huku akionyesha. Siku ya tatu aache neno la mwisho la kila ukurasa walijaze watoto wenyewe, na kufikia Ijumaa ajaribu kuruka sentensi moja aone ni nani atakayemkatiza.